Kelele ya vantilateri ya motokari: tuitengeneze kabla ya mvua

Wakati wa baridi umefika. Lubumbashi yetu iko juu, karibu metre 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zinauma hapa Kenya kama zinavyouma Katuba na Ruashi. Mwenye motokari anawasha shofaji ili watoto wafike shuleni bila kutetemeka. Kama motokari ni ya zamani, ndipo anapoisikia ile sauti chini ya dashibodi: nyingine inalia kama kifaranga, nyingine inagonga tik-tik-tik, nyingine inanguruma kama mashine ya kusaga unga.

Wengi wetu tunaizima na kuvaa sweta. Baridi ya Julai mtu anaweza kuivumilia. Lakini mota hiyo ndogo inayosukuma upepo wa moto ndiyo inayosukuma upepo wa kukausha kioo cha mbele. Mvua zikirudi, madirisha yamefungwa, watoto watano wamebanana nyuma na nguo zimelowa, kioo kinajaa ukungu kwa dakika chache. Hapo dereva anashika usukani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine, huku barabara imejaa wanafunzi, taksi-moto na wamama wanaokwenda sokoni. Ndiyo maana tunaileta habari hii sasa, wakati mvua bado iko mbali na uwanja wa nyumba ni mkavu.

Sikilizeni kwanza

Vantilateri ni mota ya umeme yenye gurudumu la mapezi, kama ngoma ndogo. Haitoi joto yenyewe. Joto linatoka kwenye maji ya moto ya injini, na vantilateri inalisukuma ndani tu. Basi, kama upepo ni mwingi lakini ni baridi, ugonjwa uko upande wa maji. Mota msiiguse.

Washeni kontakti bila kuwasha injini, kisha pandisheni upepo kutoka namba 1 hadi namba ya mwisho. Kelele ikipanda pamoja na upepo, ni vantilateri. Kama inapanda mkikanyaga gesi tu, ni kitu cha injini, labda mkanda.

Tik-tik-tik mara nyingi ni jani au karatasi iliyonaswa kwenye mapezi. Kunguruma na kutetemeka ni vumbi lililoganda upande mmoja, au pezi lililovunjika. Mlio mwembamba unaozidi asubuhi yenye baridi ni mota iliyokauka au kulika ndani. Na kama upepo unatoka kwenye namba ya mwisho peke yake, bila kelele, mara nyingi si mota: ni kipande kidogo kinachopunguza umeme, kinachoitwa rezistansi, na bei yake kwa kawaida iko chini ya bei ya mota.

Kuna mama mmoja wa chama chetu anayepeleka mikate alfajiri kwa motokari yake. Fundi mmoja alisikiliza kelele akiwa amesimama nje, akamwambia anunue mota nzima. Mama akaomba ifunguliwe kwanza mbele ya macho yake. Ndani yalitoka majani makavu ya mwembe, mkono mzima. Feza ya mota ilibaki nyumbani, ikanunua unga.

Majani yanaingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Tunaoegesha chini ya mwembe au jakaranda, tuyafagie matundu hayo kila juma.

Namna ya kuitoa

Katika motokari nyingi za Japani zinazotembea mjini kwetu, vantilateri iko upande wa abiria, chini ya kisanduku cha kuwekea karatasi. Inatosha kuwa na turnevisi, ufunguo mdogo, taa na kitambaa cha kufunga puani, maana vumbi lake ni baya kwa kifua.

1. Zimeni kontakti, toeni ufunguo. Tenganisheni waya wa kutoa (−) wa batri, mngojee dakika chache. Kama motokari ina mfuko wa hewa wa ajali, msiguse waya wala plagi yoyote ya rangi ya njano.

2. Ondoeni kifuniko cha chini, na kisanduku kama kinazuia. Pigeni picha kwa simu kabla ya kila hatua. Picha hizo zitawasaidia wakati wa kurudisha.

3. Chomoeni plagi ya mota kwa kubonyeza kidole chake, msivute waya. Kama plagi imeungua au kuyeyuka, mwambieni fundi wa umeme: mota mpya kwenye plagi iliyoungua itakufa mapema.

4. Mota inashikwa na skrubu chache, mara nyingi tatu. Shikeni kwa mkono mmoja chini yake wakati wa kufungua ya mwisho, isiwaangukie. Inashuka pamoja na gurudumu lake.

Sasa angalieni. Toeni majani, pigeni vumbi kwa brashi laini. Zungusheni gurudumu kwa kidole: lizunguke laini, lisigonge pembeni. Tikiseni ekseli yake. Ikicheza sana, mota imechoka. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine linaweza kuinyamazisha kwa siku kadhaa, lakini hilo si dawa. Mafuta ya mawese msiyaweke kabisa, yanaganda na kushika vumbi.

Kununua bila kudanganywa

Piesi nyingi zinazouzwa kwetu zimekwisha kutumika. Nendeni na mota ya zamani mkononi, wala msitegemee jina la motokari peke yake. Linganisheni matundu ya skrubu, plagi, urefu wa ekseli na upana wa gurudumu. Angalieni pia upande inaozungukia: motokari ya usukani wa kulia na ile ya usukani wa kushoto, hata zikiwa za jina moja, zinaweza kuwa na mota zinazozunguka kinyume.

Kabla ya kulipa, ombeni ijaribiwe kwa batri ya volti 12. Muuzaji aishike imara, maana inaruka inapoanza, na vidole vikae mbali na mapezi. Iacheni izunguke dakika mbili au tatu. Mota mbaya inaweza kunyamaza mwanzoni, ikaanza kulia ikipata moto. Muuzaji akikataa kuijaribu, nendeni kwa mwingine.

Kurudisha

Ingizeni mota, anzeni skrubu zote kwa vidole, kisha mkaze kidogokidogo. Rudisheni plagi, na kamrija ka mpira kama kako, kwa sababu kanapooza mota. Rudisheni waya wa batri na mjaribu namba zote za upepo kabla ya kufunga kifuniko. Mkisikia kugonga, zimeni, mtazame kama gurudumu limekaa sawa.

Kwenye motokari iliyo rahisi, kazi yote haipiti saa moja. Lakini ziko ambazo zinadai dashibodi nzima itoke. Hizo mpeni fundi, mkipatana bei ya kazi na bei ya piesi mbalimbali kabla hajashika turnevisi, na mumwombe awarudishie mota ya zamani. Mama anayejua mota inakaa wapi anauliza swali zuri, na swali zuri linapunguza bei.

Neno moja la mwisho kwa siku hizi za baridi: msiwashe injini ili ipate moto ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua kama ile ya mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa. Sukumeni motokari nje kwanza.

Siku ya mkutano wetu ujao, wenye motokari zinazolia waje nazo. Tutafungua moja pamoja uwanjani, na mabinti wetu wakubwa waje pia na turnevisi zao.