Mvuvi, Tazama Maji ya Mashine Yako

Ndugu mvuvi, ukiwasha mashine ya mtumbwi wako, tazama nyuma kabla ya kutazama mbele. Je, maji yanaruka kutoka katika kile kitundu kidogo cha mashine? Kama yanaruka kwa nguvu, nenda kazini. Kama hayaruki, zima mashine mara moja.

Ziwa Victoria ni kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,000 na zaidi, na dhoruba yake haipigi hodi. Mtumbwi uliozimikiwa mashine katikati ya ziwa hauna nguvu mbele ya mawimbi. Kwa hiyo maji ya mashine si habari ya fundi peke yake. Ni habari ya tajiri mwenye mashine, na ya kila mtu aliyemo mtumbwini.

KAZI YA MAJI

Petroli huungua ndani ya silinda maelfu ya mara kwa dakika moja. Joto lake ni kali. Gari lina rejeta ya kupoza injini. Pikipiki nyingi hupozwa na upepo. Mashine ya mtumbwi haina rejeta. Ziwa ndilo rejeta yake.

Maji huingia katika matundu yaliyo kwenye mguu wa mashine, juu kidogo ya pangaboi au kando yake. Ndani ya mguu kuna pampu. Ndani ya pampu kuna gurudumu la mpira lenye mbawa. Mpira huo huzungushwa na shafti, nao husukuma maji yapande katika bomba. Maji huzunguka silinda, huchukua joto, kisha hutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo ya maji hayo hutoka katika kitundu cha kuonyesha. Baadhi ya mashine za zamani hazina kitundu hicho. Kwa mashine hizo, tazama maji yanayotoka pamoja na moshi nyuma ya mguu.

Watu wengine hudhani kwamba wakizidisha oili katika petroli, mashine haitachemka. Sivyo. Oili hulainisha vyuma visisagane. Maji hupoza. Oili haiwezi kufanya kazi ya maji.

Maji yakikosekana, pistoni hutanuka na kunata ndani ya silinda. Utasikia harufu ya rangi inayoungua. Nguvu hupungua, kisha mashine huzimika. Ukivuta kamba ya kuwashia, haivutiki. Hapo utatafuta pistoni mpya, na pengine silinda kuchongwa. Mpira wa pampu ungekugharimu kidogo sana kuliko hayo yote.

TAFUTA UBOVU KWA UTARATIBU

Usianze kufungua kila kitu. Anza na jambo rahisi.

1. Kitundu cha kuonyesha. Zima mashine. Ingiza waya mwembamba au uzi mgumu wa ndoana katika kitundu. Mara nyingi ni tope, mchanga au mdudu aliyejenga humo. Washa tena kwa muda mfupi. Maji yakiruka, kazi imekwisha.

2. Matundu ya kuingizia maji. Zima mashine, inua mguu, utazame. Magugu maji, mfuko wa plastiki na vipande vya nyavu huziba matundu haya. Yatoe kwa mkono.

3. Kina cha mguu. Matundu ya kuingizia maji lazima yawe chini ya maji wakati wote. Ubao wa kufungia mashine ukiwa mrefu mno, pampu itavuta hewa. Hata mzigo ukijaa mbele, nyuma ya mtumbwi huinuka na pampu hukosa maji. Panga mzigo vizuri.

4. Pampu. Kama hayo matatu ni mazima, basi shuku pampu. Kazi hii ifanyike nchi kavu, mashine ikiwa imepoa. Kwanza chomoa waya za plagi ili mashine isiwake kwa bahati mbaya. Fungua bolti za mguu, achanisha fimbo ya gia, kisha vuta mguu taratibu. Fungua kifuniko cha pampu na utazame mpira.

Mpira mzuri ni laini, na mbawa zake hurudi zilipokuwa ukizikunja. Mpira mbovu ni mgumu, umepasuka, au mbawa zake zimelala upande mmoja. Kama ubawa umekatika, tafuta kipande chake. Huenda kimepanda juu na kuziba bomba. Tazama pia bati lililo chini ya mpira. Kama limechimbika kwa mchanga, libadilishe.

Unaponunua mpira mpya, nenda na ule wa zamani. Linganisha ukubwa, idadi ya mbawa na tundu la shafti. Unapourudisha, upake maji ya sabuni, na mbawa zilale kufuata upande shafti inakozungukia. Usisahau kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika mpira na shafti. Kikikosekana, shafti itazunguka na mpira utasimama.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulikosea. Unaporudisha mguu, bomba la kupandishia maji lazima liingie sawasawa katika mpira wake. Likikosea, maji humwagika ndani ya mguu, na pampu mpya haitakusaidia kitu.

5. Themostati. Mashine nyingi zina kifaa hiki karibu na kichwa cha silinda. Ni mlango mdogo unaofunguka kwa joto. Ukinata, maji hayapiti vizuri. Uufungue, uutumbukize katika sufuria ya maji jikoni. Mlango ufunguke kabla maji hayajachemka. Usipofunguka, nunua mpya.

Kama huna spana wala uzoefu, mwite fundi. Lakini simama karibu naye utazame. Siku nyingine utakuwa mbali na fundi.

KINGA

Usiwashe mashine nchi kavu bila maji, hata kwa kuijaribu tu. Mpira wa pampu hulainishwa na maji hayo hayo. Bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Ukitaka kuijaribu, tumbukiza mguu katika pipa la maji yanayofunika matundu yote, na gia isishikwe.

Unapofika mwaloni, zima mashine na inua mguu kabla haujagusa mchanga. Mchanga husaga mpira kama msasa. Ndugu wa pwani, nanyi muwashe mashine katika pipa la maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kazi. Chumvi hukauka na kuziba njia za maji.

Fungua pampu angalau mara moja kwa mwaka. Mwaloni penye mchanga mwingi, ifungue mara nyingi zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

YAKIKATIKA ZIWANI

Zima mashine. Tia nanga kama kina kinaruhusu. Safisha matundu na kitundu. Usimwagie mashine ya moto maji baridi. Vyuma vinaweza kupasuka. Iache ipoe yenyewe. Maji yasiporudi, tumia makasia au omba kuvutwa na mtumbwi mwingine. Kwa hiyo usiondoke mwaloni bila makasia, nanga, na boya la kujiokolea kwa kila mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA MWALONI

1. Katika mwalo wetu, ni mashine ngapi zina mpira wa pampu wa akiba?
2. Nani kati yetu anaweza kufungua pampu, na nani atafundishwa naye?
3. Je, kila mtumbwi una makasia na maboya ya kutosha?