Besiboli ya Kuba: Ada ya Uhamisho Inapomwendea Mlanguzi

Mbwana Samatta alipohama TP Mazembe kwenda Genk mwaka 2016, klabu mbili zilielewana, ada ikalipwa, mchezaji akaenda zake. Mcheza besiboli wa Kuba anayetaka kucheza Marekani hana njia hiyo. Kikwazo kikubwa si viza. Ni swali la nani apokee ada.

Tangu 1962 Marekani imeiwekea Kuba vikwazo vya biashara. Klabu ya Marekani hairuhusiwi kumsajili mchezaji anayeishi Kuba. Lazima kwanza ahamie nchi nyingine. Kanuni za ligi kuu ya Marekani nazo zimemsukuma huko huko. Akitua Marekani moja kwa moja, huingizwa kwenye mgawo wa wachezaji chipukizi, ambako klabu moja tu hupata haki ya kumsajili. Akiwa na ukaazi Mexico au Haiti, na tayari ni mzoefu, anakuwa mchezaji huru: klabu zinamgombania, dau linapanda.

Walanguzi wa watu waliiona faida hiyo mapema. Mwaka 2013 mchezaji José Abreu alitoroka kwa boti hadi Haiti, kisha akasaini na Chicago White Sox mkataba wa dola milioni 68. Mwaka 2017 aliiambia mahakama ya Miami kwamba, akiwa ndani ya ndege kuelekea Marekani, alikula ukurasa wa pasipoti yake bandia. Wakala na mkufunzi walioshtakiwa katika kesi hiyo ya ulanguzi wa wachezaji walitiwa hatiani.

Desemba 2018 ligi kuu ya Marekani na Shirikisho la Besiboli la Kuba walitia saini makubaliano. Klabu ingelilipa Shirikisho asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza za mkataba wa ligi kuu, na asilimia ndogo zaidi kwa kinachozidi hapo. Mchezaji asingekatwa kitu, na angeweza kurudi kwao msimu ukiisha. Aprili 2019 serikali ya Trump iliyafuta: Shirikisho, ilisema, ni sehemu ya serikali ya Kuba.

Hoja hiyo ina uzito, ila haijibu suala la mlanguzi, ambaye naye hudai sehemu ya mshahara. Mwaka 2023 Marekani iliwapa kibali nyota wa ligi yake, Yoán Moncada na Luis Robert, waichezee Kuba kwenye mashindano ya dunia. Kama kibali kinaweza kuwarudisha kwenye jezi ya Kuba bila vikwazo kuondolewa, kibali chenye masharti na ukaguzi wa fedha kinaweza pia kuwatoa wachezaji wengine Kuba kwa ndege, mchana kweupe.