Je, Wajua? Manowari na Bomba Tatu, na Nyingine Zilizotia Nanga Unguja

Je, wajua kwamba neno manowari halikuja na majahazi? Maneno mengi ya bahari yetu yaliletwa na kaskazi: nahodha asili yake ni Uajemi, bahari yenyewe ni neno la Kiarabu. Manowari ni Kiingereza cha mabaharia, "man-of-war", kilichopita katika ndimi za pwani kikatoka kimelainika. Hata meli ni Kiingereza, kutokana na "mail", mfuko wa barua, kwa sababu stima za mwanzo zilizokuja kwa ratiba ndizo zilizoleta posta.

Mwanzoni mwa Juni 1914 Wajerumani walileta Dar es Salaam manowari ya kisasa iitwayo Königsberg. Vita havikuwa vimeanza. Ilikuja kupeperusha bendera, kuonekana na kutazamwa, na watu wakajaa ufukweni kuitazama. Jina lake gumu hawakuhangaika nalo. Walihesabu dohani zake, wakaiita Manowari na bomba tatu. Jina hilo likaenea pwani nzima hadi Wazungu wenyewe wakaliandika vitabuni mwao. Mimi nalipenda kuliko lile la Kijerumani, kwa sababu ndilo linalotuonyesha jicho la mtu aliyesimama mchangani akihesabu moshi.

Miezi mitatu na nusu baadaye moshi ule ulitokea Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Waingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake imefunguliwa inatengenezwa. Haikuweza kuondoka. Königsberg ilisimama mbali, mahali ambapo makombora yake yalifika na yale ya Pegasus yakaanguka majini kabla ya kuifikia. Waingereza 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa. Mchana wa siku ile Pegasus ilipinduka ikazama, na watu wa Mji Mkongwe wakiona.

Anayevuka leo kwenda Chapwani, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari, hukuta makaburi ya mabaharia hao chini ya miti. Mizinga yao nayo ilikuwa na safari yake. Iliopolewa kutoka majini, ikawekwa magurudumu, ikapelekwa kupigana nchi kavu. Wajerumani walifanya vivyo hivyo: Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji, Julai 1915, walivua mizinga yake yote kumi wakaikokota porini. Ukifika Ngome ya Yesu, Mombasa, utaona mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg karibu karibu. Maadui wawili wa asubuhi moja ya Unguja sasa wanapigwa picha na watalii.

Je, wajua kwamba Zanzibar iliwahi kuwa na manowari yake yenyewe, iliyojengwa Uskochi? Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza merikebu za Sayyid Barghash bandarini. Mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza, Glasgow, ilizuru Unguja, na Sultani akavutiwa nayo. Akaagiza ya kwake, ya sura ile ile na jina lile lile, ikaundwa Dumbarton kwa zaidi ya pauni 32,000. Malkia Victoria akaizawadia mizinga saba midogo na bunduki ya Gatling yenye mitutu tisa. Ilipofika, mwenyewe hakuipenda. Ikakaa kwenye nanga mwaka baada ya mwaka, mapambo ya bandari.

Siku yake moja ya vita ilikuwa tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameingia kasri bila idhini ya Waingereza, na makataa waliyompa aondoke yalikwisha saa tatu asubuhi. Dakika mbili baadaye mizinga ikaanza. Mabaharia wa Glasgow walijibu kwa silaha zile zile za zawadi, wakiilenga Saint George, kubwa kuliko zote katika manowari tano za Waingereza. Chombo cha fahari, kilichokaa miaka bila mazoezi ya vita, kikapelekwa kupambana na wazoefu: sioni ujasiri mkubwa kuliko huo, wala uonevu mkubwa kuliko ule wa waliowaamuru. Kilizamishwa humo bandarini. Vita vyote vilichukua kama dakika 38. Milingoti ya Glasgow iliendelea kuchomoza juu ya maji mbele ya Forodhani hadi mwaka 1912, ilipovunjwa, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa siku ya vita alikua hadi ujana akiiona kila alipokwenda pwani.

Na Khalid? Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakawa wanamngoja nje, akanyage tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Oktoba 2 maji yalijaa. Mashua ya manowari ya Kijerumani, Seeadler, ikaja na maji hadi mlangoni mwa bustani, Khalid akaingia kutoka ubalozini moja kwa moja. Ardhi ya Zanzibar hakuikanyaga. Mtu wa pwani anaelewa mara moja: aliyepanga saa ile alijua kuhesabu maji.

Kuhusu mafunzo ya askari wa Zanzibar, habari kubwa inaanzia kwenye chombo kikuukuu. Kuanzia 1874 Waingereza waliiweka bandarini Unguja manowari ya zamani ya mbao iitwayo London, iwe kituo cha kuzuia biashara ya watumwa. Yenyewe ilitulia. Kazi ilifanywa na mashua zake ndogo, zilizokwenda Pemba wiki kwa wiki, wanaume wakilala humo humo juani na mvuani wakivizia majahazi. Ilikuwa hatari kweli: Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akipambana na jahazi la watumwa. Kutoka chombo hicho alichukuliwa luteni kijana, Lloyd Mathews, mwaka 1877, amfundishie Barghash askari wa nchi kavu. Mtu wa majini akawa jenerali, kisha mwaka 1891 waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar, na akafia Unguja mwaka 1901.

Januari 1924, wakati wa kaskazi, majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yakiwa bandarini, Unguja ilipata wageni wakubwa kuliko wote: kikosi cha manowari za Uingereza kilichokuwa kikizunguka dunia. Kati yake ilikuwamo Hood, manowari kubwa kuliko zote duniani wakati ule, urefu wake mita 262. Ilikaa siku tano. Kombora halikurushwa kwa hasira, na huenda ndiyo maana wachache wanaikumbuka ziara hiyo. Mei 1941 Hood ililipuliwa Atlantiki; kati ya watu 1,418 waliopona ni watatu.

Je, wajua pia kwamba visiwa hivi vilikuwa na wanamaji wa akiba? Mwanamaji wa akiba ana kazi yake ya kawaida, na siku zake za mazoezi huvaa sare akajifunza ishara, mizinga na kuondoa mabomu ya majini. Kenya ilianza mwaka 1933, Zanzibar 1938, Tanganyika 1939, na vita vilipopamba moto vikosi hivyo vikaunganishwa. Baada ya vita lilizaliwa Jeshi la Wanamaji la Afrika Mashariki, makao yake Mombasa, likihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Likavunjwa mwaka 1962. Kenya ikaunda la kwake Desemba 1964, Tanzania mwaka 1971 kwa msaada wa China.

Unguja ina KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, chenye makao Kibweni. Kilianza miaka ya 1970, hasa kwa ajili ya karafuu zilizokuwa zikivushwa usiku kwenda Mombasa. Wengi wanakijua kwa timu yake ya mpira. Lakini usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya abiria Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakawa wanaelea gizani wakishikilia magodoro, vijana wa Kibweni walikuwa miongoni mwa waliotoka kwenda kuwatafuta.