Hedhi nzito ya binti: mama, anza kwa kuhesabu

Jirani yangu alinijia jioni moja baada ya sala ya Magharibi, uso umemsawijika. Binti yake wa miaka 13 alikuwa katika siku ya tisa ya hedhi. Shuleni alijifunga sweta kiunoni licha ya joto la Dar es Salaam, usiku akitandika kanga mbili juu ya godoro, na asubuhi ile alishikwa na kizunguzungu akaegemea ukuta ili asianguke. Bibi yake alikuwa ameshatoa hukumu: "Sisi sote tulikuwa hivyo. Akizaa yatakwisha."

Kauli ya bibi ina ukweli ndani yake. Katika miaka 2 au 3 ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, mwili wa msichana bado haujazoea kupevusha yai kila mwezi. Yai lisipopevuka, utando wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa, kisha hubomoka bila mpangilio, na damu hutoka kwa siku nyingi. Kwa wengi hali hiyo hutengemaa bila kusubiri kuzaa. Lakini katika kungoja huko damu inapotea, na mtoto anayekua hana akiba kubwa ya kuifidia.

Nilimwomba mama yule ahesabu. Hedhi ya kawaida hutoa wastani wa mililita 30 hadi 40. Ikipita 80 huitwa nzito. Hakuna atakayepima kwa kikombe, basi ziko alama: pedi au kitambaa kulowa chote ndani ya saa moja au mbili, mara kwa mara; kuamka usiku ili kubadilisha; mabonge ya damu makubwa kuliko sarafu; siku kupita 7. Yote yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe.

Daftari hilo lina faida pia katika ibada. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu huku pwani, hedhi haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo huingia mlango wa istihadha, ambayo haimwondolei binti sala wala saumu, na mwanachuoni hawezi kumtenganishia siku hizo bila kujua tarehe. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) kueleza damu yake isiyokatika, naye akambainishia kuwa ile ni damu ya mshipa, si hedhi. Ikiwa swali hilo liliulizwa waziwazi mbele ya mbora wa viumbe, sioni kwa nini sisi tulifiche mbele ya daktari.

Na daktari aelezwe zaidi ya hedhi. Je, binti hutokwa na damu puani au kwenye fizi? Aling'olewa jino damu ikakawia kukata? Mama mwenyewe alivuja damu nyingi alipojifungua? Mwaka 1926 daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliandika habari za ukoo mmoja wa visiwa vya Åland uliorithishana maradhi ya damu kutoganda vyema. Binti wa ukoo huo, aliyeletwa kwake akiwa na miaka 5, alifariki akiwa na miaka 13 katika hedhi yake ya nne. Leo maradhi hayo yanapimwa na yana tiba. Kabla hayajachunguzwa, binti asipewe aspirini ya kutuliza maumivu, na dawa nyingine aiamue daktari.

Kipimo cha wingi wa damu ni jambo dogo, nacho kisikosekane. Binti wa umri huu akiwa chini ya gramu 12 ana upungufu. Atapewa vidonge vya madini ya chuma, avinywe kwa maji ya chungwa au ndimu. Chai aiweke mbali na vidonge hivyo, kwani huzuia madini yasifyonzwe. Zipo pia dawa za kupunguza damu siku za hedhi, na zipo za homoni.

Hapo kwenye homoni mama yule alikunja uso. "Si ndivyo vya uzazi wa mpango hivyo?" Mara nyingi ndivyo, naam. Lakini hapa vinatolewa kama dawa ya kuvuja damu, havimharibii binti kizazi chake, na daktari humwachisha wakati ukifika.

Ramadhani ihesabiwe peke yake. Mabinti wengi walio katika hedhi hushinda na njaa kwa kuwaonea haya baba na kaka zao, mwezi ambao pengine wamepoteza damu kuliko mingine. Mama amwekee chakula chumbani, dagaa au maini yakipatikana, asisubiri kuombwa.

Pedi ikilowa kila saa kwa zaidi ya saa mbili, au binti akizimia, moyo ukimwenda mbio, midomo ikipauka, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Binti wa jirani yangu alipimwa akakutwa na gramu 8. Aliyempeleka ni baba yake, ambaye hadi siku ile hakuwa ameambiwa lolote.