Nyimbo za Nyangumi na Fadhila ya Kusikiliza

Kila mwaka uvumapo upepo wa Kusi, baina ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita katika bahari yetu ya Watamu. Hutoka kwenye bahari ya barafu ya kusini, walikoshiba uduvi, wakaja kuzaa na kunyonyesha katika maji ya vuguvugu. Huu ndio msimu ambao madume huimba.

Kwa karne nyingi mwanadamu alimthamini kiumbe huyu hasa kwa mafuta yake. Mabaharia wa Uskoti walikuwa na nyimbo za kuaga kwao waendapo kumwinda, na mojawapo ni “Farewell to Tarwathie”.

Mabadiliko yalianzia masikioni. Kisiwani Bermuda, mhandisi Frank Watlington alinasa sauti za nyangumi kwa vyombo vilivyotegwa chini ya bahari, akawapa Roger na Katy Payne. Ikabainika kuwa si makelele: sauti hizo zina vipande vilivyopangika, navyo hurudiwa kwa utaratibu. Mwaka 1970 zikatolewa katika santuri.

Mwaka huohuo Alan Hovhaness alitunga muziki wa okestra ambamo sauti za nyangumi wenyewe husikika pamoja na ala. Naye Judy Collins akauimba ule wimbo wa wawindaji wa Uskoti bila ala yoyote, akisindikizwa na nyangumi tu. Na tulizingatie hili: wimbo wa mwindaji umeitikiwa na mwindwa.

Mwaka 1979 jarida la National Geographic lilisambaza nakala zaidi ya milioni 10 za sauti hizo. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapitisha uamuzi wa kusimamisha uwindaji wa biashara. Hatudai kwamba nyimbo peke yake ndizo zilizoleta uamuzi huo, bali ziliwalainisha wengi nyoyo.

Wanachuoni wana kauli mbalimbali kuhusu ala za muziki, na si makusudio yetu kuzipima hapa. Tunalolitaka ni funzo la majumbani mwetu: asiyesikilizwa ni mwepesi kudhulumiwa, awe mtoto, mke, au binti anayetufanyia kazi za jikoni. Basi Kusi hii, mzazi atakayewapeleka wanawe ufukweni awasimulie habari ya nyangumi, kisha anyamaze kidogo, awasikilize na wao wanasema nini.