Adabu Ndiyo Pasipoti ya Pili: Mambo ya Kujua kwa Anayekwenda Thailand

Thailand, nchi iliyoko kusini-mashariki mwa Asia, hupokea mamilioni ya watalii kila mwaka. Wengi huvutiwa na mahekalu ya Bangkok, milima ya Chiang Mai na fukwe za Phuket. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asiyezijua sheria na desturi za mwenyeji wake huweza kujiangamiza mwenyewe.

Matayarisho huanzia nyumbani. Msafiri atokaye katika nchi zenye homa ya manjano, kama vile Kenya, Uganda na Kongo, hudaiwa cheti cha chanjo. Chanjo hiyo haina budi kuchomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika, kwani cheti huanza kutumika baada ya siku hizo kutimia. Sigara za umeme ziachwe nyumbani. Tangu mwaka 2014 ni marufuku kuziingiza nchini humo. Tena mtu asikubali kamwe kubeba mzigo wa mwingine, hata wa rafiki, pasipo kujua kilichomo. Anayekamatwa na dawa za kulevya hukabiliwa na kifungo kirefu, na kwa makosa mazito sheria inaruhusu hata adhabu ya kifo.

Jambo kubwa kuliko yote ni heshima kwa mfalme. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai huadhibu kwa kifungo cha miaka 3 hadi 15 ye yote amtukanaye mfalme, malkia au mrithi wa kiti. Mzaha unaochekesha kwingine, huko waweza kumfikisha mtu gerezani. Hata noti ya bahti isikanyagwe, kwa sababu ina sura ya mfalme. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa katika vituo vya usafiri na mahali pengine pa hadhara, na watu husimama kimya. Mgeni naye yafaa asimame.

Aingiaye hekaluni huvua viatu na kufunika mabega na magoti. Mwanamke hamgusi mtawa wa Kibuddha, wala hampi kitu mkononi moja kwa moja. Kichwa huhesabiwa kuwa kitukufu, na miguu kuwa duni; kwa hiyo mtu asimshike mtoto wa wenyewe kichwani, wala asielekeze nyayo zake kwenye sanamu ya Buddha.

Barabarani magari hupita kushoto, kama Kenya na Tanzania. Wageni kutoka Rwanda, Burundi na Kongo wajihadhari wanapovuka. Bajaji, ambazo huko huitwa tuk-tuk, hazina mita. Nauli ipatanwe kabla ya kupanda. Akodiye pikipiki avae kofia ya chuma na asiweke pasipoti yake rehani. Maji ya bomba yasinywewe; maji ya chupa hupatikana kila mahali.

Likitokea tatizo, polisi wa watalii hupatikana kwa simu namba 1155. Hata hapo, mgeni azungumze kwa upole. Mtu apandishaye sauti mbele za watu hujivunjia heshima, na hupunguza nafasi ya kusaidiwa.