Kurusha, Kuhamisha na Kunakili: Msamiati wa Kupeleka Picha Bila Waya Mjini Mpanda

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012 kwa kuumega Mkoa wa Rukwa. Makao yake makuu ni Mpanda, mji ambapo reli inayotoka Kaliua hukomea. Kwa wakazi wengi wa Inyonga, Karema na Usevya, na vilevile wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, Mpanda ndiko wanakokwenda wanapokuwa na jambo linalohitaji karatasi. Katika mambo hayo picha ina nafasi yake: picha ndogo ya kubandika kwenye fomu, picha ya harusi ya kutiwa katika fremu, picha ya marehemu ya kukuzwa kwa ajili ya arobaini. Siku hizi nyingi kati ya picha hizo huanzia katika simu ya mteja na kuishia katika printa ya mwenye duka la steshenari, na mara nyingi baina ya simu na kompyuta hapana waya wowote.

Makala haya yanaeleza jinsi picha inavyopelekwa kwa njia hiyo, na yanachunguza vitenzi ambavyo wasemaji wa Kiswahili hutumia kulitaja tendo hilo. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kinachochaguliwa hubeba ndani yake jibu la swali ambalo mteja halitamki: je, picha ikishafika kwenye kompyuta, ile iliyomo kwenye simu bado ina kazi? Jibu hilo likiwa si sahihi, picha hupotea.

2.0 Mfano

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya ufafanuzi, lakini hayatamshangaza yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ya duka la namna hiyo.

(1) Kijana: Shikamoo, mama.
Mteja: Marahaba, mwanangu. Nataka picha hii ya marehemu mume wangu ikuzwe.
Kijana: Washa Bluetooth, mama, unirushie.
(Baada ya muda mfupi.)
Kijana: Tayari, imeshahamia kwenye kompyuta.
Mteja: Simu hii imejaa. Basi nikiifuta humu si neno?
Kijana: Ifute tu, mama. Huku ipo.

Kijana hakusema uongo. Picha ipo kwenye kompyuta, tena itachapwa vizuri. Lakini kompyuta ya duka si sanduku la kutunzia mali za wateja. Jioni mafaili ya siku hiyo husafishwa ili kupata nafasi ya kesho. Mama huyo akirudi baada ya mwezi mmoja kutaka nakala ya pili kwa ajili ya mtoto aliyeko masomoni, hakuna mahali popote ambapo picha ile ipo, isipokuwa ile karatasi iliyomo ndani ya fremu.

3.0 Kinachotendeka

Yafaa ieleweke kwanza kwamba, katika upelekaji wa kawaida wa picha bila waya, hakuna kitu kinachoondoka. Picha ndani ya simu ni mfuatano mrefu wa tarakimu. Simu huusoma mfuatano huo, huugawa katika vipande vidogo, na kuvitangaza kimoja kimoja kwa mawimbi ya redio. Kompyuta huvipokea, huhakiki kama kila kipande kimefika salama, huomba kirudiwe kile kilichoharibika njiani, kisha huandika mfuatano mpya kwenye diski yake. Mwisho wa kazi picha ni mbili.

Bluetooth, teknolojia iliyoanza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson mwaka 1994 na kupewa jina la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na kwa vifaa vya kawaida hufika umbali wa mita 10 hivi. Kabla ya kazi, simu na kompyuta sharti zitambulishwe moja kwa nyingine, tendo ambalo kwa Kiswahili limepewa istilahi ya kupendeza, kuoanisha. Aidha, katika kompyuta za Windows mpokeaji hulazimika kufungua kwanza dirisha la kupokelea faili. Asipofanya hivyo, anayerusha hurusha bure, na wengi hudhani simu ni mbovu.

Kasoro ya Bluetooth ni uzito wake. Ikipeleka megabiti 2 kwa sekunde, picha ya megabaiti 5 itachukua kiasi cha sekunde 20, na picha 100 za harusi zaidi ya nusu saa. Kwa kazi kubwa njia ifaayo ni Wi-Fi, ambayo ni ya kasi zaidi kwa mbali. Hapa pana dhana moja inayowagharimu watu fedha: kwamba Wi-Fi ni intaneti. La hasha. Simu na kompyuta zikiunganishwa moja kwa moja kwa Wi-Fi, au zikiwa kwenye mtandao mmoja wa dukani, picha hupita baina yao bila kutumia hata chembe ya bando. Ndivyo zinavyofanya kazi programu kama Xender, na AirDrop iliyotolewa na Apple mwaka 2011 kwa vifaa vyake. Google nayo ilileta programu ya aina hiyo kwa kompyuta za Windows mwaka 2023, ambayo sasa huitwa Quick Share.

Kamera nazo zimo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako wakati wa kiangazi viboko husongamana kwa mamia katika matope ya mto Katuma, mgeni mwenye kamera yenye Wi-Fi anaweza kukaa Sitalike jioni na kupokea picha za mchana kwenye kompyuta bila kutoa kadi. Kamera yenyewe huwa kituo kidogo cha mawimbi, na kompyuta hujiunga nacho kama inavyojiunga na mtandao mwingine wowote. Kadi haipungukiwi na picha hata moja.

4.0 Vitenzi

Kitenzi kinachosikika zaidi mitaani ni kurusha: "nirushie ile picha". Wapo walimu wa Kiswahili wanaokikemea kwa kukiona cha kihuni. Kwa maana yake ya msingi, rusha ni kauli ya kutendesha ya ruka, na jiwe likirushwa mkono hubaki mtupu. Kwa kigezo hicho kitenzi hiki kingestahili lawama. Lakini ikumbukwe kwamba kabla ya simu kilikwisha kuwa na maana nyingine, kurusha matangazo hewani. Redio ikirusha taarifa ya habari, kituo hakibaki bila habari hiyo. Kinachorushwa ni wimbi, na wasikilizaji elfu moja hukipokea kitu kilekile bila kumpunguzia mtangazaji chochote. Maana hii ndiyo inayolingana na Bluetooth, kwa sababu Bluetooth ni redio. Mtaa, kwa hakika, ulichagua vizuri kuliko unavyosifiwa.

Tatizo la kurusha limeingia kwa mlango mwingine, yaani fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, watu wamezoea kusema "nirushie hela", na hela ikirushwa salio hupungua. Msemaji anayetumia kitenzi kimoja kwa hela asubuhi na kwa picha mchana anaweza kuihamishia picha hesabu ya hela. Kutuma kuna hali hiyohiyo. Mzizi -tum- ni wa kale katika lugha za Kibantu, na majirani wasemao Kirundi wanao pia katika gutuma. Tangu asili anayetumwa ni mtu, na mtu akitumwa sokoni nyumbani hayupo.

Kitenzi chenye hatari zaidi, hata hivyo, ndicho kinachoonekana kuwa na heshima zaidi: kuhamisha. Hutumika katika maelekezo ya vifaa, katika mafunzo ya kompyuta na katika vinywa vya wale wanaotaka kusema sanifu. Hama ni kuacha mahali pa kwanza. Aliyehama Mpanda kwenda Sumbawanga hayupo tena Mpanda, na mtumishi aliyehamishwa huacha kiti wazi. Kijana wa mfano (1) aliposema "imeshahamia", aliifanya picha kuwa kiima cha sentensi, kana kwamba imefunga mizigo na kuondoka kwa miguu yake. Mama aliyemsikia alikuwa na haki ya kufikiri kwamba kilichobaki kwenye simu ni ganda tu. Katika kompyuta lipo tendo linalostahili jina hilo, nalo ni kukata faili katika folda moja na kuibandika katika nyingine. Kuliita kila tendo kuhamisha ni kuifuta tofauti ambayo lugha ilikuwa tayari imeiweka.

Tofauti hiyo imewekwa na kunakili. Historia ya neno hili ina mafunzo. Asili yake ni Kiarabu naqala, kitenzi ambacho katika lugha hiyo kina maana ya kusafirisha au kuhamisha, na pia ya kunukuu na kutoa nakala. Kiswahili kilipolipokea kiliichukua maana ya pili na kuiacha ya kwanza. Kwa hiyo Mswahili anayo, kwa neno moja jepesi, dhana kamili ya kinachotendeka: kitu cha asili kipo, na pacha wake amezaliwa. Ni ajabu kidogo kwamba neno hilo halisikiki sana kwenye kaunta.

Kuhusu "shiriki picha", inayoonekana kwenye simu zilizowekwa Kiswahili, yatosha kusema kwamba kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo, kama kushiriki mkutano. Mtu hawezi kushiriki picha. Anaweza kumshirikisha mwenzake.

5.0 Nakala zisizolingana na asili

Hata hivyo, kunakili nako kunahitaji tahadhari, kwani si kila nakala ni pacha kamili. Bluetooth na Wi-Fi ya moja kwa moja hupeleka faili jinsi ilivyo. WhatsApp, ambayo wateja wengi huitumia kwa kuwa wameizoea, huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na upande wake mrefu hubaki na pikseli 1,600 hivi. Kwa uchapaji safi wa nukta 300 kwa inchi, hizo zinatosha upana wa inchi 5 na ushei: zinafaa kwa picha ya fomu, lakini kwa picha ya marehemu ya ukubwa wa A4 uso utaonekana kama unaotazamwa kwa kupitia chandarua. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina chaguo la ubora wa juu, na kabla ya hapo ilikwisha kuwezekana kuituma picha kama waraka ili isibanwe. Baadhi ya kamera nazo hupunguza: programu ya SnapBridge ya Nikon, inapopeleka picha yenyewe kwa Bluetooth kwenda kwenye simu, hutoa nakala ya megapikseli 2, huku ile kubwa ikibaki kwenye kadi. Anayeifuta kadi kwa kuamini kwamba picha "zimehamia" amebaki na vivuli.

Lipo pia tendo la tatu ambalo si kuhamisha wala kunakili, nalo ni ulandanishi. Huduma kama Picha za Google huifanya simu na kompyuta zitazame ghala moja lililo mbali. Hapa mantiki hugeuka: anayeifuta picha ndani ya programu hiyo kwenye simu huifuta na kwenye kompyuta. Kama ilikuwa imehifadhiwa ghalani, hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 60 kisha hutoweka. Mteja aliyefundishwa dukani kwamba "huku ipo" huenda akaifuta kwa imani ileile.

Kwa hiyo swali la mama wa mfano (1) lilihitaji jibu refu zaidi ya "ifute tu". Lingeweza kuwa hivi:

(2) Kijana: Nimenakili tu, mama. Ya kwako bado imo kwenye simu, nayo ndiyo ya kutunza. Hii ya kwangu naifuta jioni. Kama simu imejaa, una mtoto au ndugu mwenye simu yenye nafasi? Tumnakilie na yeye, tuifungue tuone kama imefika nzima, ndipo ufute.